Chanya

Kipande cha nyama yangu kilisafiri kabla yangu:
kidogo kama punje ya ulezi, ndani ya kichupa,
kikapita Uyole, Inyala, Igawa,
kikalala Dar.
Mimi sijawahi kuvuka Makambako.

Wiki tano. Katumba mvua haikukatika,
chai ikakua kwa fujo, na titini mwangu
nako kitu kikakua kwa fujo.
Nikachuma kwa mkono wa kulia; wa kushoto ulivuta kwapani.
Mnyapara Mwasomola akamwaga kikapu changu juu ya gunia:
"Tusajigwe! Majani mawili na chipukizi.
Haya magumu umemchumia nani?"
Sikumjibu.

"Mama, majibu yamerudi," akasema Daktari Luvanda,
binti mdogo, koti limemzidi mabega.
"Ni chanya."
Nikashika kiti.
Neno hilo huku kwetu tunalijua hadi nyayo zake:
lilipita nyumba kwa nyumba tukiwa wasichana,
likaacha bibi wakilea, migomba haina wa kuipunguza.
Ambokile, mume wangu, akageukia dirisha.
"Hapana, siyo hiyo!"
Binti akachora duara nyuma ya bahasha,
akalizungushia vijiti vifupi vifupi.
"Haya ni masikio. Chembe za uvimbe wako
zimeota masikio kupita kiasi,
na zinasikia neno moja tu: kua, kua, kua.
Ipo dawa inayokwenda kuyaziba.
Uvimbe usio na masikio haya, dawa inaupita tu
kama mgeni aliyekosea nyumba."
Kisha akashusha sauti: "Ila moyo nao unayo machache.
Kila miezi mitatu tutaupima, usije ukachoka."

Basi nikaambiwa nifurahi, kwa neno lile lile.
Jaribu wewe.

Dripu kumi na nane, kila baada ya wiki tatu.
Ya kwanza na ya pili ni parachichi:
tuliziuza zikiwa maua, mnunuzi akicheka.
Ya tatu ni ndama.
Ya nne ni kina mama wa kwaya, noti za elfu mbili mbili
zinazonuka moshi wa jikoni.
Ya tano sitaki kuisema.

Kitanda cha pili, Mama Halinga wa Vwawa.
Karatasi yake ilirudi hasi, hasi, hasi.
Shemeji yake akapiga simu kwa shangwe:
"Hasi tatu! Mungu mkubwa!"
Mama Halinga akasema amina, akakata,
akaniangalia.
Tukacheka mpaka muuguzi akaja kuona nani amezidiwa.
Hasi tatu, maana yake hakuna sikio la kuziba.
Kwake ikabaki ile dripu nyekundu
inayofyeka shamba zima, magugu na mahindi,
nyusi, kucha, hamu ya ugali,
halafu unamwomba Mungu kitakachochipua kiwe mahindi.
Nami nyekundu niliionja, kipara changu ni shahidi.
Lakini mimi nilikuwa na ya ziada,
kichupa cha maji meupe kinachotolewa kwenye friji
kwa mikono miwili, kama mtoto wa tajiri.
Kila kilipoletwa
sikujua macho yangu niyaweke wapi.

Leo ni ya kumi na moja.
Moyo umepimwa: unapiga, ingawa ngazi zinausumbua.
Shambani nimerudi, asubuhi mbili kwa wiki,
na vidole vinaruka jani gumu bila kuambiwa.

Jana kikaja kifurushi kutoka Vwawa,
kahawa nusu kilo, imekaangwa na kutwangwa kwa mkono,
na kipande cha karatasi ya daftari:
"Hasi wako bado nipo. Kunywa."

Mimi ni mtu wa chai.
Nikachemsha,
nikanywa bila sukari, hadi machicha.